Mama Yangu Alikuwa Re

Nianze na mbuzi, maana mbuzi alinifundisha Kiingereza pale shule iliposhindwa. Alikuwa mbuzi jike wa jirani yetu hapa Likasi, mweusi, sikio moja limechanika, na hakuna kamba iliyowahi kumzuia. Unamfunga asubuhi kwenye mpapai, ukigeuka tu kuchota maji, yumo ndani ya lengalenga za mama anatafuna mboga zetu kama aliyealikwa. Jirani mwenyewe alikuwa mama wa Zambia aliyeolewa huku, na akikasirika Kiswahili chote kilimkimbia. Siku hiyo alipita mbio mbele yangu na fimbo mkononi, anapiga kelele: “Untied! Untied again!”

Nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu mboga zilikuwa zetu: “Mama, hiyo untied njo nini?”

Akasimama, anahema. “Tie ni kufunga. Un inakuja mbele, inaharibu kazi yote. Minye nafunga, mbuzi anafungua. Minye ni tie, yeye ni un!”

Nilicheka mpaka ndoo ikamwagika. Lakini neno liliingia likakaa. Miaka yangu yote ya Kiingereza cha sekondari ilikuwa imeniachia salamu mbili na kuhesabu mpaka ishirini, na sasa mbuzi, kwa dakika moja, amenipa neno zima na mlango wa mengine. Kabla jua halijazama, jirani akiwa bado hajapoa, alikuwa ameniongezea undo, unlock, unpack na unfair. Yote nikayaweka kwa mbuzi.

Niseme sasa kwa nini nilikuwa na njaa ya maneno namna hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Si chupa za bia. Chupa za maabara, katika kiwanda kimoja nje kidogo ya mji kinachosafisha shaba na kobalti. Diploma yangu ya kemia ilikuwa ukutani kwa mama, ndani ya fremu, jirani na picha ya Bikira Maria, na mimi mwenyewe nilikuwa kwenye beseni, vidole vimebabuka kwa asidi na sabuni. Miaka mitano hivyo. Pale mezani, penye mizani na mashine za kupimia, walikaa wengine, na mimi niliwapelekea chupa safi nikarudi na chafu.

Mwaka huo mashine mpya zikaletwa, na vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza. Shefu, yaani mkuu wa maabara, akatuita waosha chupa wanne, wote tuna diploma, akatuambia kwa Kifaransa chake cha pole kwamba kuna nafasi moja mezani. Mtihani utakuwa Juni. Atakayeweza kusoma karatasi za maelekezo na kupima peke yake bila kuongozwa, huyo atakaa. Wengine watabaki na beseni. Hakusema kama nafasi nyingine itakuja siku moja, na sisi hatukuthubutu kuuliza.

Niliitaka ile meza mpaka nikawa naiota. Nilijua pia nikiikosa sitaacha kuosha chupa mpaka nizeeke, na diploma itazidi kuwa njano pale ukutani, na mama atazidi kuifuta vumbi kila Jumamosi bila kusema kitu. Huko kufuta vumbi kimya kimya ndiko kulikokuwa kunaniua.

Shefu alitupa kila mmoja nakala ya maelekezo, kurasa nane. Nilipofika nyumbani na kuifungua nilitaka kuitupa. Maneno yalikuwa marefu kama treni la mizigo. Recalibrate. Unreliable. Overestimation. Precaution. Misinterpret. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilizipiga zile karatasi juu ya meza nikasema hawa watu wanaandika hivi makusudi ili sisi tufe.

Jirani akazichukua, akazisoma huku amesimama, akacheka. Akaniambia niache kuogopa treni, niangalie kichwa chake tu. Vichwa si vingi, akasema, vinajirudia. Ukikijua kichwa, nusu ya neno umeshaila. Akakubali kunifundisha kila Jumapili baada ya misa, hapo barazani kwetu, na malipo yake yakawa sahani ya bukari, ugali wetu, ya mchana.

Ubaya ni kwamba hakuwahi kufika saa yake. Maji ya ugali hayajachemka, yeye ameshakaa, ameshanawa mikono. Mama akimwangalia hivi, kando ya sufuria: “Weye, bukari haiko tayari, weye iko tayari!” Na hapo ndipo mchezo wote ulipoanza, kwa sababu kichwa tulichosoma Jumapili hiyo kilikuwa pre, yaani kabla, mbele ya wakati. Prepare, predict, precaution. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa anakaa chumba cha nyuma, akajipiga paja akasema: “Basi huyu njo Pre! Anafika mbele ya chakula!”

Uani kwetu mtu hakai bila jina la kubandikwa. Hujipi mwenyewe, unapewa. Na ukipewa, unaletewa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, unakinywa mbele ya watu, na hapo umekubali. Ukikataa kikombe jina linakufuata hata hivyo, na munkoyo umeukosa. Jirani alikunywa chote, akaweka kikombe chini, akasema amekubali kuwa Pre kwa sharti moja, kwamba kila mtu katika ua huu naye apate kichwa chake.

Mjomba alipata chake siku hiyo hiyo, na hakuna aliyebisha. Mjomba alikuwa anakwenda Kapolowe kila wiki, ziwani, kuvua. Samaki wake alitoka majini akiwa urefu wa kiganja. Akipita katikati ya mji alikuwa amefika kwenye kiwiko, na akifika mlangoni petu alikuwa ameshika bega. “Ilikuwa na mukia, mama yangu, toka hapa mpaka pale kwa mulango!” Na samaki mwenyewe je? Kamba ilikatika. Kila wiki kamba ilikatika. Akipika yeye, chumvi unaisikia mpaka kesho yake. Basi akawa Over: overestimate, kukadiria kupita kiasi, overflow, kufurika, overload, kupakia kupita nguvu za gari. Alifurahi kama amepewa medali. “Over! Musikie inavyonguruma!” Akanywa kikombe, akadai cha pili, akasema hiyo ndiyo kazi ya jina.

Halafu tukafika kwa mama.

Mama alikuwa Re kabla Waingereza hawajaletwa duniani. Neno lake lilikuwa moja: rudia. Amekuagiza kitu, anakuambia tena. Amepiga pasi blauzi, anaikunjua, anaipiga tena. Yeye aliacha shule darasa la nne, akaingia kazi ya kufua na kupiga pasi kwa masista kule misheni ya Kapolowe, na alitoka huko na macho yasiyovumilia doa. Baba alipofariki nikiwa mdogo, mama alibaki na mimi na daftari zangu, na daftari zangu alizichunga kama vitambaa vya altare.

Hakujua kama hesabu yangu ni sahihi au si sahihi. Doa alilijua. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, aliketi kwenye kiti kifupi akaniambia nilete kaye, yaani daftari. Alifungua kurasa kwa kidole cha mwisho. Akiona nimefuta, au nimekata neno nikaandika juu yake, au wino umemwagika, aliupasua ukurasa polepole, akanipa nafasi safi: “Andika tena.” Nikilia, machozi yakadondoka kwenye wino, ukurasa wa pili nao ulipasuliwa. Ule uliopasuliwa aliukunja mara nne akauweka mfukoni mwa aproni, na nilijua unakwenda kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Nilikuwa nakula maharagwe nikifikiri yameiva kwa makosa yangu.

Si mama peke yake. Sisi wote wa huku tulilelewa hivyo. Mwalimu alikata pwenti kwa uchafu hata kama majibu yote yako sawa. Daftari safi ni mtoto mwema, na kufutafuta ni aibu ya ukoo mzima. Mpaka leo nikiandika barua ya kuomba ruhusa, nikikosea herufi moja, mkono wenyewe unatafuta karatasi nyingine.

Kwa hiyo jirani alipotaja re, kwamba ni kufanya tena, sisi watatu tuligeuka tukamwangalia mama. Rewrite, return, remind, remove, reconsider. Mama akauliza kwa heshima kubwa: “Hiyo ya mwisho njo nini?”

“Kufikiri tena,” jirani akajibu.

“Hiyo haiko yangu,” mama akasema. “Minye nafikiri mara moja tu.” Akanywa munkoyo wake, akafuta kikombe, akakifuta tena.

Mimi nilikuwa nimekaa nasubiri jina zuri. Nilifikiri labda nitapata super, au inter, kitu chenye sura. Lakini jina hujipi. Jumapili hiyo ya mwisho wa vichwa jirani alisema mis ni kufanya kitu vibaya bila kukusudia, kukosea njia: misplace, kuweka kitu mahali usipopajua, misread, kusoma visivyo, misunderstand, kuelewa kinyume. Hakumaliza. Mama alikuwa ameshaninyooshea mwiko.

Haya, nikubali. Funguo nilipoteza mara mbili kwa wiki. Niliwahi kuweka chumvi kwenye chai ya padri. Na kulikuwa na ile ya kwaya, ambayo mjomba alikuwa anamsimulia kila mgeni. Siku ya ndoa moja parokiani nilipewa kazi ya kutangaza namba ya wimbo. Imeandikwa sitini na tatu, mimi nikasoma thelathini na sita, kwa sauti nzuri kabisa, na kwaya nzima ikaanza kumwimbia bibi harusi wimbo wa mazishi. Beti mbili nzima. Namba zikikaa mbili mbili, jicho langu linazigeuza, tangu utoto.

“Mis!” mama akasema, na mjomba akaanguka kwa kicheko. Nilikasirika kweli. Nilisema mimi ndiye mwenye mtihani, mimi ndiye ninayetafuta meza, na nyinyi mnanipa jina la kukosa? Mnaniroga? Nilikataa kikombe, nikaingia ndani, nikakaa siku mbili siongei. Siku ya tatu nikasikia mjomba anaulizia kama kikombe changu bado kipo. Nikatoka mbio nikakinywa mwenyewe.

Kutoka hapo kusoma kulikuwa raha. Sikubeba daftari, nilibeba ua wetu na watu wake wote. Kazini, mikono ndani ya beseni, nilipanga maneno kwa wenyewe. Unavoidable, kisichoepukika: mbuzi, kwa sababu huwezi kumkwepa. Overheat: mjomba na mafuta yake ya kukaangia. Nilikuwa naandika neno kwa kidole juu ya mvuke wa chupa, nalisoma, nalifuta kwa maji, nachukua chupa nyingine. Wenzangu waliniuliza ninacheka na nani. Wenyewe walikuwa wanakariri karatasi zote nane mstari kwa mstari, kama katekisimu. Mmoja alifika mwisho bila kukosa hata neno, nikaogopa.

Juni ikafika na baridi yake. Asubuhi ya mtihani mama alinipigia pasi blauzi mara mbili, akaniangalia mlangoni, akaniita nirudi, akainyoosha kola, akaniachia. Nilikuwa sijala.

Sehemu ya kwanza ilikuwa maneno, na sitadanganya, niliifurahia. Shefu aliuliza kwa mdomo, mmoja mmoja, akionyesha neno kwenye karatasi. Kwangu alionyesha overestimate. Ningeweza kusema maana yake tu nikanyamaza. Badala yake nilimwambia ni samaki wa mjomba wangu. Akainua uso. Ikabidi nimalizie, samaki, kiwiko, bega, kamba iliyokatika. Shefu akacheka mpaka akavua miwani, akaandika kitu, na mimi nikatoka nje nikijilaani, kwamba nimekwenda kwenye mtihani nimepeleka hadithi za uani.

Sehemu ya pili ilikuwa kupima. Kila mtu alipewa vipakiti kumi vya unga wa mawe, mweusi wa kobalti na kijani wa shaba, mizani yake, na ukurasa wa rejista mkubwa, mweupe, mistari ya buluu. Pima, soma, andika. Karatasi ya maelekezo ya mtihani ilikuwa mpya, haikuwa kati ya zile nane. Niliandika kwa herufi ambazo sista yeyote angezibusu. Kipakiti cha kwanza mpaka cha sita, ukurasa unang’aa. Kipakiti cha saba nikapima, nikaandika 4.17, nikainua macho kwenye mizani kuhakikisha.

Mizani inasema 4.71.

Mungu wangu. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Mis, wimbo wa mazishi, umerudi. Nikaangalia pembeni. Wa kulia alikuwa ameinama anapuliza dawa nyeupe ya kufutia ili ikauke. Wa kushoto alikuwa ameshika ukurasa mpya, ananakili upya kila kitu kwa mwandiko wa kupendeza, na ule wa zamani ameukalia. Wa tatu nilimwona amechana tayari. Kumbe wote tumekosea mahali. Na wote, mikono yetu ilikuwa inajua la kufanya kuliko sisi wenyewe. Mkono wangu pia ulikuwa umeshafika kwenye pindo la ukurasa. Nilisikia kabisa sauti ya mama: andika tena.

Nikasema ngoja kwanza, nisome karatasi mpaka chini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari: “Do not overwrite, rewrite or remove any entry. Strike it through once, so that it remains readable, and sign.”

Niliusoma mara ya kwanza nikaona ukungu. Mara ya pili nikaona watu. Over, yule mjomba: usiandike juu yake. Re, mama yangu: usiandike upya. Re tena: usiondoe. Kata kwa mstari mmoja, kibaki kinasomeka, weka sahihi. Hilo ndilo nililoelewa, na lilinitisha kuliko kutoelewa, maana nani duniani anaamuru mtu aache uchafu? Na mimi ndiye Mis. Kama nimesoma visivyo, nitakuwa mtu pekee kati ya wanne aliyepeleka ukurasa mchafu kwa shefu, na sahihi yangu juu yake, eti nyinyi mjue ni mimi.

Nilikaa na biki hewani muda mrefu. Mwishowe nikasema moyoni, mama, leo unisamehe. Nikapiga mstari mmoja juu ya 4.17. Nikaandika 4.71 pembeni. Nikatia sahihi. Ule ukurasa ulikuwa mbaya! Niliukabidhi umegeuzwa uso chini.

Ijumaa shefu alituita wote wanne. Alikuwa ameziweka kurasa mezani, tatu nyeupe na wangu. Akauonyesha wangu kwa kidole, akauliza nani, ingawa sahihi ilikuwa pale. Nikainua mkono. Akauliza kwa nini sikuuandika upya kama wenzangu. Kifaransa kilinipotea, nikajibu kwa Kiswahili changu cha nyumbani, kwamba karatasi imemkataza mjomba na imemkataza mama. Nikamweleza kwamba mama ni Re, mwenye kurudia, ndipo akakumbuka samaki, akaelewa. Akawageukia wenzangu akawaambia bila ukali kwamba namba iliyofutwa hawezi kuiuliza kitu. Hii iliyokatwa, anaona ilikosea wapi, anaona aliyekosea, anaona alijua amekosea. Akaniambia Jumatatu niache beseni.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilipita watu sikuwasalimu, na Likasi ni mji ambao usipomsalimu mtu utasikia habari yake. Mama alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo, mjomba anashona wavu. Nikapiga kelele toka barabarani: “Mama! Minye niko kwa meza! Jumatatu niko kwa meza!”

Mama alisimama, sombe zote zikamwagika, akapiga vigelegele ambavyo sikujua bado anavyo. Mjomba akasema kufika Agosti nitakuwa mkurugenzi wa kiwanda. Nikawasimulia yote, nikifanya sauti ya shefu, nikionyesha wenzangu wanavyopuliza dawa. Na furaha ikanipanda kichwani, ulimi ukateleza. Nikamwambia mama, tena nikicheka: “Unaona sasa? Miaka yote ile unanipasulia kaye, ilikuwa bure! Bure kabisa! Wenye kurudia njo wameanguka!”

Mama akaacha kucheka. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani.

“Weye nawe,” mjomba akaninong’oneza. “Kinywa yako!”

Nilisikia kufuli la sanduku lake la bati, lile la vitenge vya sikukuu, likifunguliwa. Nikafikiri anakwenda kulia huko ndani, na niliona aibu mpaka masikioni. Alipotoka alikuwa na mfuko wa plastiki, umefungwa kwa utepe. Akaketi kwenye kiti kile kile kifupi, akaufungua, akatoa karatasi.

Zilikuwa kurasa zangu. Zile zilizopasuliwa. Zimekunjuliwa, zimenyooshwa, alama ya kukunjwa mara nne bado inaonekana, na zimepigwa pasi, nawaambia ukweli, kila moja imepigwa pasi.

“Mama, nilifikiri ulichoma hizi.”

“Nichome juu ya nini?” akasema. “Ile safi ilikwenda kwa mwalimu. Ilikuwa ya mwalimu. Ndani ya ile safi minye sikukuona. Hapa njo nakuona.” Akaanza kunionyesha kwa kidole cha mwisho. “Hapa ulikuwa na homa, angalia mistari inashuka. Hapa ulikuwa unataka kwenda kucheza. Na hii, tata yako alikuwa na juma moja ndani ya udongo.” Ukurasa huo wa msiba wa baba ulikuwa na nusu sentensi tu, na chini yake doa kubwa la wino lililochanganyika na maji. Mama alikuwa amenifanya niuandike tena siku ile. Na huu akauweka.

Nililia pale uani mchana kweupe, sioni haya kuusema. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, na yeye akanipiga kofi dogo begani, kwamba ninachafua blauzi aliyoipiga pasi mara mbili.

“Shefu wako alisema nini?” akauliza. “Mustari moja, na sahihi?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi leta biki.”

Nikaketi chini kwenye mkeka, nikaziweka kurasa juu ya trei ya sombe iliyopinduliwa, na nikaanza. Kila doa, kila neno lililoharibika, mstari mmoja, na sahihi yangu ya mtu mzima pembeni. Mjomba aliapa ziko kurasa mia tano. Zilikuwa ishirini na tatu. Jirani alikuwa ameshafika, hakuna aliyemwita, anauliza kama kuna chakula cha kusherehekea, na nyuma yake mbuzi alikuwa anaingia kwenye lengalenga, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfukuza.

Nilipofika ukurasa wa sita mama alinisimamisha. Akauokota, akausogeza karibu na macho, akauangalia sana.

“Hii sahihi inapinda,” akasema. “Rudia.”

Nikamwambia mama, sahihi hairudiwi, shefu amekataza, imeandikwa kwa Kiingereza. Akanirudishia ukurasa, akasubiri.

Nikarudia.